Nitafute mbwa wa mbegu gani?

Mshauri,

Mimi ni baba wa watoto 4, tunakaa komini ya Mikelenge, hapa Kindu. Mwaka jana wezi waliingia parsele yetu mara 2. Walibeba baiskeli, sufuria na magunia ya mpunga ambao mke wangu alikuwa ameutoa Kailo. Nikaona hatuwezi kukaa bila mbwa. Mtu mmoja aliyeshuka na treni ya Lubumbashi akaniuzia mtoto wa berje aleman, wa miezi 3, kwa dola 120. Hakumaliza mwezi. Aliacha kula, akatapika, akaharisha damu yenye harufu isiyovumilika, siku ya 3 tukamzika nyuma ya choo. Binti yangu wa miaka 9, ambaye siku hizo mbwa alimtoboa kidole kidogo tu alipokuwa akimnywesha maji, alilia mpaka akakataa shule.

Mwezi mmoja baadaye nikatafuta mwingine, safari hii Rottweiler, nikamlaza katika banda lile lile. Naye akafa, kwa namna ile ile. Sasa mke wangu anasema hapa kuna mkono wa mtu. Jirani yetu ni mzee ambaye tuligombana naye juu ya mpaka wa parsele. Ana mbwa wa hapa hapa, mwekundu, mkia umejikunja mgongoni, mwaka wa 13 huu na hajamwona daktari hata siku moja. Kwa nini wa kwake aishi na wa kwetu wafe? Vijana wa kartie wameanza kumsema mzee huyo vibaya, nami naogopa. Mdogo wangu wa Lubumbashi anasema ninunue Malinois. Mama yangu, Mwislamu wa kuswali sala zote, hataki mbwa yeyote parselini. Binti ndiye anayenivunja moyo: "Papa, tafuta yule asiyekufa upesi." Ni mbegu gani ya mbwa yenye afya na maisha marefu?

Papa wa Mikelenge


Papa,

Katika barua yako kuna maneno machache uliyoyaandika ukayapita mbio: kidole cha binti. Ndiyo sababu nilikupigia simu siku ile ile barua ilipofika, na nashukuru kwamba kesho yake mlikuwa hospitali. Wengine wanaosoma ukurasa huu hawana namba yangu, basi niyaseme wazi. Mbwa akimng'ata mtu, kisha akafa ndani ya siku 10, mtu huyo hutibiwa kana kwamba mbwa alikuwa na kichaa, hata kama kila dalili inaonyesha kuwa kilichomuua mbwa ni kitu kingine. Kidonda huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Hakipakwi mawese, wala hakifungiwi jiwe jeusi. Kisha huja sindano za kinga, ya kwanza siku ile ile, nyingine kwa tarehe zilizopangwa, na kuzikatiza katikati ni hatari. Aliyechelewa wiki kadhaa bado aende, kwa kuwa kichaa cha mbwa kwa kawaida hujificha mwilini mwezi 1 hadi 3 kabla ya kujionyesha, na wakati mwingine zaidi. Kikishajionyesha, hakuna hospitali ya Kindu wala ya Brussels inayoponya. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka, karibu vyote vikitokana na meno ya mbwa, na sehemu kubwa ya wanaokufa ni watoto.

Sasa tuje kwa jirani, maana hilo nalo halisubiri.

Sikuwaona mbwa wako na hakuna daktari aliyewapasua, kwa hiyo sitaapa. Lakini mtoto wa mbwa wa miezi 3 anayekataa chakula, anayetapika, anayeharisha damu inayonuka hivyo na kufa siku ya 3, ugonjwa wake una jina katika vitabu vya madaktari wa mifugo: parvo. Ni kirusi kilichotambuliwa mwaka 1978, na katika muda wa miaka kama 2 kikawa kimeshaizunguka dunia. Kinawapata hasa watoto wa kuanzia wiki 6 hadi miezi 6. Kina tabia 2 ambazo, ukizijua, hutahitaji mchawi. Kwanza, hakifi upesi. Mavi ya mgonjwa yakimwagika kwenye udongo wa kivulini, kirusi kinaweza kukaa humo miezi mingi, hata mwaka mzima, na sabuni ya kufulia haikitishi. Wewe ulimlaza wa pili mahali alipofia wa kwanza, tena kwenye tandiko lile lile, nadhani. Pili, madaktari wameona tangu zamani kwamba mbegu chache huumia kwa parvo kuliko nyingine, na miongoni mwake wako Rottweiler, Doberman na berje aleman. Duniani kuna mbegu za mbwa kwa mamia, nawe bahati ikakupeleka kwa hao 2.

Sumu ya panya nayo huweza kumtoa mbwa damu. Nalitaja hilo ili asije mtu akasema nimelificha. Ila vifo 2 vinavyofanana hivyo, vya watoto wadogo, katika banda moja, vinaelekeza udongoni kabla ya kuelekeza kwa mtu. Kwa hiyo maneno ya vijana yasipite wiki hii. Unajua kama ninavyojua mimi mahali yanapoishia maneno ya namna hiyo katika miji yetu, mzee akiwa peke yake na vijana wakiwa wengi. Nenda na mkeo kwa shefu wa avenyu, mseme mbele ya watu kwamba mbwa walikufa kwa ugonjwa wenye jina. Mpaka wa parsele una karatasi zake na ofisi yake. Usiuache uvae nguo za uchawi.

Baada ya hayo ndipo naweza kujibu ulichouliza.

Takwimu zipo, ingawa si za hapa. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza walichapisha katika jarida la Scientific Reports hesabu ya mbwa zaidi ya 580,000 wa nchi yao. Wastani wa umri ulitoka miaka 12 na nusu. Juu kabisa alikaa Lancashire Heeler, kijibwa cha miguu mifupi cha kuswagia ng'ombe, kwa miaka 15.4, nyuma yake kidogo Dachshund mdogo, yule mrefu kama soseji, miaka 14. Chini kabisa wakaanguka majitu: Cane Corso miaka 8.1, na mbwa mchungaji wa Kaukasi 5.4. Wa pua bapa nao hawakwenda mbali. Buldogi wa Kifaransa, ambaye siku hizi kila tajiri wa Kinshasa anataka kupigwa naye picha, miaka 9.8.

Kanuni mbili zinaonekana humo, na zinatosha kukuokolea dola nyingi. Mbwa mdogo huishi kuliko mbwa mkubwa. Kwa wanyama wengine ni kinyume, tembo akimzidi panya kwa mbali, lakini ndani ya jamii ya mbwa wenyewe mwili mkubwa unazeeka haraka, na wataalamu wanashuku kichocheo cha ukuaji kinachoitwa IGF-1. Kanuni ya pili ni pua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, hewa ikipita puani na juu ya ulimi. Aliyefupishwa pua ili apendeze hujipoza kwa shida hata London. Mlete Kindu, digrii 3 tu kusini mwa ikweta, mvua na joto vikipokezana, uone atafika wapi.

Ila hebu angalia ni mbwa wa nani waliohesabiwa. Wamechanjwa, wana daktari karibu, hawamjui mbung'o. Hesabu ile haisemi neno juu ya mbwa atakayeishi Mikelenge. Wala haikumaliza ule ubishi wa zamani, kwamba machotara huishi kuliko wenye mbegu safi. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2013 ulisema ndiyo, kwa tofauti ya mwaka mmoja na kidogo. Huu wa 2024 ulisema hapana, wenye mbegu safi wakaongoza kwa miezi kadhaa. Anayekuuzia mbwa kwa neno "mbegu" peke yake, au kwa neno "chotara" peke yake, anakuuzia neno.

Kuna mbegu moja, hata hivyo, ambayo lazima nikusimulie kwa urefu, kwa kuwa ni ya nchi yetu. Duniani wanamwita basenji. Ni mwepesi, kilo kama 10, manyoya mafupi, masikio wima, paji la uso limejikunja kana kwamba anawaza deni, mkia umejipinda mgongoni. Jike lake kwa kawaida huingia joto mara moja kwa mwaka, wakati mbwa wengi huingia mara mbili. Habweki kama wengine. Hutoa sauti ya ajabu, nusu kuimba nusu kulia. Katika misitu yetu wawindaji walimfunga kengele ya mti shingoni au kiunoni wasimpoteze kwenye majani, na kengele hizo za Balega leo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, kwenye makabati ya vioo, zikiwa kimya. Vitabu vya Wazungu humweka katika orodha ya mbwa wa kuishi sana, miaka 13 au 14. Ukiniambia mbwa wa jirani yako amefika 13, sishtuki.

Lakini ona yaliyompata alipotolewa kwao. Mwaka 1895 jozi moja ilipelekwa London kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Walikufa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa Carré, ule wa mafua, homa na kifafa unaowamaliza watoto wa mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alichukua 6 kutoka kusini mwa Sudan, nao wakafa wote, kwa madhara ya chanjo ya Carré ya siku zile, ambayo ilikuwa bado haijakomaa. Mwaka 1936 Olivia Burn alipeleka wengine Uingereza kutoka Kongo ya Wabelgiji, na hawa ndio walioshika mizizi. Mwaka uliofuata watu walisongamana Crufts kuwatazama. Katika miaka hiyo hiyo jozi moja na watoto wake ilivushwa mpaka Marekani: Carré ikawaua wote isipokuwa dume mmoja.

Mbwa mgumu wa msitu wa Kongo, aliyezoea chui na nyoka, alikufa London kwa ugonjwa ambao mbwa wa mitaa ya London walikuwa wameuzoea. Berje aleman wako, mbwa wa afya njema kwa mizani ya Ulaya, amekufa Mikelenge, yaelekea kwa kirusi ambacho mbwa wa mzee anakikanyaga kila siku. Mtu akikuambia mbegu fulani ina afya, muulize: wapi, na baada ya sindano ngapi?

Hadithi ya basenji ina nusu ya pili, na hiyo inanifurahisha zaidi. Wale wa Ulaya na Marekani walizaliana kutokana na mababu wachache mno. Ndugu akazaa na ndugu, kizazi baada ya kizazi, mpaka ugonjwa mmoja wa figo uitwao Fanconi ukaenea. Mbwa hunywa maji bila kukoma na kukojoa sukari, akiwa katika umri wa miaka 4 hadi 8, na mwili unaisha. Wafugaji wa Marekani walipoona mambo yanaharibika, walifanya nini? Walirudi Zaire. Mwaka 1987 na tena 1988 walizunguka vijiji vya kaskazini-mashariki, nchi ya Wazande na majirani zao, wakiwaomba wawindaji wawauzie watoto wa mbwa. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kilikifungua kitabu chake cha nasaba, kilichokuwa kimefungwa kwa wageni, ili kuwaandika mbwa hao wa vijijini wasio na karatasi. Mwaka 2011 kipimo cha moja kwa moja cha vinasaba kilipatikana cha kumtambua mwenye kubeba ugonjwa huo. Yaani Wamarekani walipanda ndege hadi kwetu kutafuta afya ya mbwa, wakati wewe unampa mtu dola 120 akuletee mbwa wa Ulaya.

Nisikudanganye lakini. Mbwa wa mzee si lazima awe basenji halisi kwa sababu tu ni mwekundu na mkia umejikunja. Kindu ni mji wa reli, wa mto na wa kambi za askari. Mbwa wamekuja na kila treni na kila baleinyeri iliyopanda kutoka Ubundu, na wameoana wenyewe bila kutuuliza. Hilo si hasara. Ila kuna hesabu moja inayopotosha watu kila siku: tunamwona mbwa mmoja wa miaka 13 kivulini, hatuwaoni ndugu zake waliozaliwa siku moja naye. Muulize mzee walikuwa wangapi, na wangapi walifika mwaka. Yaelekea atakuhesabia makaburi. Mbwa wa kijijini huchujwa bila huruma akiwa mchanga, na anayebaki ndiye tunayemsifu. Wa mzee pengine alipambana na parvo akiwa mdogo, akapona, na kinga ikabaki mwilini.

Basi jibu langu ni hili: chukua mbwa wa hapa, kisha mpe sindano ambazo wa Ulaya hupewa. Kuvipata vyote viwili kwa mbwa mmoja ni jambo ambalo watu wachache wa Kindu wamejaribu.

Namna ya kumchagua. Usinunue mtoto kwapani mwa mchuuzi. Nenda umwone mama yake. Mama awe na umri wa kutosha, miaka 4 au 5, mwenye macho makavu na mwili usio na mapele. Simama mlangoni kama mgeni umsikilize, kwa sababu wewe unatafuta mlinzi, na mbwa mwenye damu nyingi ya msitu anaweza kumtazama mwizi kwa heshima zote bila kufungua mdomo. Mama anayembwekea mgeni hufundisha wanawe. Mtoto asiachishwe kabla ya wiki 8. Kwa nini usianzie kwa mzee mwenyewe? Dume lake bila shaka limezaa hapo kartie, naye anajua ni wapi. Nenda na sukari na majani ya chai, umpe pole kwa maneno aliyosikia, umuombe akuonyeshe jike alilozaa nalo. Sisemi mtamaliza ugomvi wa mpaka siku hiyo.

Mtoto asiingie parsele yako upesi. Choma tandiko la zamani na mbao za banda kama unaweza kuzikosa. Sakafu ya sementi ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha maji ya Javel, kipimo 1 kwa 30 vya maji, yakae dakika 10. Udongo hauoshwi kwa Javel, uchafu wake huifanya dawa kuwa maji. Uache jua lifanye kazi, ukate matawi yanayoufunika. Njia iliyo salama zaidi ni mtoto abaki kwa mwenye mama mpaka amalize sindano zote, wewe ukilipia chakula chake. Sindano ya parvo na Carré huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Watu wengi huchoma moja wakadhani wamemaliza. Kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama huizuia sindano ya mapema isishike, na hakuna ajuaye ni wiki gani hasa kinga hiyo itaisha, ndiyo maana ya kurudia. Ya kichaa huchomwa akifika miezi 3, na zote huongezwa baada ya mwaka.

Kabla ya kulipa, muulize daktari wa mifugo swali moja bila aibu: frigo yake inaendeshwa na nini? Vaksini hukaa kati ya digrii 2 na 8. Ikishapata joto la mchana wetu, unamchoma mbwa maji ya bei kubwa, na umeme wa Kindu tunaujua sote. Mwenye sola au mwenye kuleta vaksini kwa ndege ndani ya barafu siku iliyopangwa, huyo ndiye wa kumfuata, na mkiwa wenye mbwa 6 au 7 mnaopanga siku moja, kichupa hakipotei.

Apewe dawa ya minyoo tangu akiwa wiki 2, kila wiki 2 mpaka miezi 3, kisha kila mwezi hadi nusu mwaka. Kupe watolewe kwa mkono kila jioni, hasa masikioni na kati ya vidole, maana huleta homa zinazokausha damu. Na mbung'o, Papa, usimsahau. Maniema ni nchi ya malale tangu kale, na mbwa naye hupata vimelea vya jamii hiyo. Ukiona homa inayokuja na kurudi, uso kuvimba, kisha jicho kufunikwa ukungu mweupe kama wa samaki aliyelala, usingoje apofuke. Dawa zipo akiwahiwa. Asizurure vichakani kando ya Lualaba mchana kutwa.

Chakula chake hakihitaji makopo ya duka. Wali wa Maniema na samaki wadogo waliochemshwa, mayai akibahatika, mboga kidogo. Vitunguu asipewe, wala chokoleti, wala mihogo mibichi, wala vidonge vyetu vya maumivu; ibuprofeni inaua mbwa. Na asinenepe. Huko Marekani watafiti waliwalea Labrador 48 kwa jozi tangu wakiwa watoto, mmoja wa kila jozi akipewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: waliopunguziwa waliishi karibu miaka 2 zaidi, wastani wa 13 dhidi ya 11 na kidogo. Sijui dawa ya maisha marefu iliyo rahisi kuliko hiyo, ingawa kwetu mara nyingi tatizo la mbwa ni kukosa robo zote 4.

Kwa mama yako, usishindane naye. Anajua dini yake, na nchi hii tangu Kasongo ya zamani imeishi na Uislamu uliotoka pwani, wa madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo kilicholambwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Madhehebu ya Malik yana msimamo mwepesi zaidi. Lakini hadithi za Mtume zenyewe zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wamelipima suala la kulinda nyumba kwa kipimo hicho. Mpeleke kwa sheikh wake aulize mwenyewe, asisikie kutoka kwako wala kwangu. Na ukimleta mbwa, banda liwe mbali na mahali pa kutawadhia, kopo lake lisiguse vyombo vya nyumba, na watoto wanawe kabla ya kumshika bibi mkono. Atakubali au hatakubali. Parsele ni yako, ila mama ni mmoja.

Kwa binti, sema kweli. Mbwa asiyekufa hayupo. Kulikuwa na Bluey wa Australia, aliyekufa mwaka 1939 akiwa na miaka 29 na miezi 5, na hivi karibuni Bobi wa Ureno aliyedaiwa kufika 31, mpaka Guinness, watunza rekodi za dunia, wakaufuta ushindi wake mwaka 2024 kwa kukosa ushahidi. Hao ni vioja. Mwambie kwamba mbwa wa hapa, mdogo wa umbo, aliyechanjwa, akipita mwaka wa kwanza, ana nafasi nzuri ya kumwona yeye akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuibeba habari hiyo. Mpe na kazi ya kutunza kitabu cha chanjo, aandike tarehe kwa mkono wake.

Na mdogo wako wa Lubumbashi? Malinois ni mbwa mwenye afya, sitamkana. Miguu yake na akili yake vinafaa polisi na jeshi. Asipopewa kazi kutwa nzima atajitafutia, na kazi yake ya kwanza itakuwa kuku wako. Tena Lubumbashi iko nyanda za juu, mita kama 1,200, hewa kavu. Kumshusha mtoto wa mbwa kwa treni ya SNCC, siku nyingi ndani ya behewa, mpaka kwenye unyevu na mbung'o wa Lualaba, ni kumrudisha London ya 1895 kwa njia nyingine. Mshukuru kwa upendo wake. Kama zile dola bado zinamwasha mfukoni, asitume mbwa, atume glasiere nzuri ya kubebea vaksini, ile yenye kuta nene. Hapa Kindu itatumika na kartie nzima.